Filamu Zote za Birika

Jumatatu, tarehe 3

Nimehamishiwa kwenye stuli. Si mzaha. Stuli ya jikoni, ile yenye mguu mmoja mfupi, ndiyo nitakayokalia tukitazama filamu. Kosa langu ni filamu ya juzi, ambayo niliichagua mimi. Watu wawili wanagombania ukuta kwa saa mbili na nusu, na ukuta wenyewe hauonyeshwi. Mama mkwe alilala dakika ya kumi. Alipoamka alikuwa na hasira za mtu aliyeibiwa.

Leo asubuhi ametoa tamko. Kile kiti kikubwa cha marehemu baba mkwe, chenye mikono ya mbao, kimekaa mwaka mzima bila mtu. Jumamosi hii, atakayemfanya atazame filamu mpaka mwisho bila kusinzia, basi kiti ni chake. Shemeji, kaka wa mke wangu, akacheka papo hapo. Huyu ni fundi wa mageti ya umeme. Huchagua filamu kwa kuhesabu magari yanayolipuka kwenye jalada.

Nakitaka kile kiti. Naandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma humu. Tangu duka langu lifungwe nimekaa kwa mama mkwe miaka miwili, na kila mgeni akija huniuliza kama mwenye nyumba yupo. Mtu aliyekaa kwenye kiti kile haulizwi hivyo.

Jumanne, tarehe 4

Mpango umepatikana! Umenijia kazini, kwenye duka la uchapishaji, nikiwa natoa nakala za cheti cha mtu aliyefeli. Mtu msomi hachagui filamu kwa jalada wala kwa mwigizaji. Anauliza mwongozaji ni nani, basi. Akishajua aliyeiongoza, hata hadithi hana haja nayo.

Nimewaeleza nyumbani wakati wa chakula cha jioni. Wote wakanyamaza kwa heshima, au walikuwa wanatafuna. Kisha mama mkwe akauliza, huyo mwongozaji ninayemwamini mimi ni yupi. Mpango ulikuwa haujafika huko. Nikatazama huku, nikatazama kule. Mezani kulikuwa na birika la chai. Nikasema anaitwa Birika.

Mke wangu akapaliwa na maji. Mama mkwe akasema ni jina zuri, la mtu asiye na papara. Akataka kujua ameongoza filamu ngapi. Nikasema thelathini na moja. Ukisema thelathini watu wanashuku. Ile moja ndiyo inayowafanya waamini.

Jumatano, tarehe 5

Bosi ameng'olewa jino, nusu ya siku hayupo. Nimechapa vibandiko mia mbili vya rangi ya dhahabu: FILAMU YA BIRIKA. Nimempelekea muuza filamu wa pale kona. Nikamwambia aniwekee filamu moja tamu ya mapenzi na mwizi, nitaichukua Jumamosi, nikamwomba aibandike kibandiko kizuri kwa juu. Kilichohitajika ni kimoja. Vilivyobaki mia na tisini na tisa akaniambia atavitunza.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Mke wangu amenitazama kwa jicho la pembe, akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia aulize baada ya Jumamosi, nitakuwa nimekaa.

Alhamisi, tarehe 6

Siamini. Muuza filamu amembandika Birika kwenye kila diski iliyokuwa imelala kibandani kwake. Karibu zote zimechukuliwa! Na watu ni walewale, waliozipita mwaka mzima bila kuzigusa. Anasema hakuna hata mmoja aliyeuliza hadithi inahusu nini. Walitaka tu kujua kama ni Birika halisi.

Saa tano akaja mteja kazini, mwalimu mstaafu, akaanza kunisomesha mimi, mimi hapa, kwamba Birika wa mwanzo alikuwa moto lakini huyu wa siku hizi amevimba kichwa. Damu ikanichemka. Nikamwambia hajamwelewa. Mtu ana kazi thelathini na moja, wewe mwenzangu una nini? Nakala zake nimezitoa zimepinda, na sijutii.

Jioni ndiyo nimekomeshwa. Tumekaa mezani, shemeji akasema bila hata kupepesa kwamba mchana alitengeneza geti la Birika. Eti ni mfupi, ana kitambi, mcheshi sana, na wamebadilishana namba. Uongo mtupu! Birika ni mrefu. Ningemuumbua hapohapo, lakini ningeanzia wapi? Nikajikaza kisabuni. Mama mkwe akamwongezea shemeji mchuzi, na bakuli likapita mbele yangu bila kusimama.

Ijumaa, tarehe 7

Nimemuua Birika.

Sikuwa na njia nyingine. Kama hayupo tena duniani, namba yake ya simu haimsaidii shemeji. Nikachapa tangazo la kifo lenye ukingo mweusi, maneno mazuri kabisa: ameondoka kimya kimya, na nyumba aliyoiacha haina tena sauti. Nikaingia nalo nyumbani na uso mrefu.

Mama mkwe akalisoma mara mbili. Kisha akalia. Machozi ya kweli, yanadondoka mpaka kwenye kitambaa cha meza. Akainuka, akafunika runinga kwa shuka, akasema humu ndani hakuna filamu mwezi mzima. Nilijiona mtu wa hovyo sana. Pia niliwaza kiti.

Kabla sijafungua mdomo, shemeji akasema aliyekufa ni Birika mwingine, huyu wetu wameongea naye alasiri na hana hata mafua. Mama mkwe akafuta macho, akaivua runinga shuka. Akaamuru Birika aletwe kesho saa kumi, atuchagulie filamu mwenyewe. Shemeji akasema hakuna shida. Sikutaka kuachwa nyuma. Nikasema shemeji asisumbuke, mimi ndiye nitakayemleta.

Jumamosi, tarehe 8

Wamekuja wawili.

Wa kwangu ni muuza filamu, niliyemvika koti langu la harusi. Wa shemeji ni fundi mwenzake, mfupi, ana kitambi, miwani myeusi, mikono ina rangi ya geti. Wakakutana mlangoni. Kila mmoja akajitambulisha kuwa ni Birika, na kila mmoja akamwambia mwenzake amefurahi kumfahamu. Mama mkwe akawakaribisha wote, akawatilia chai. Muuza filamu alikuwa amesimama siku nzima kibandani. Akatafuta pa kukaa, akajitupa kwenye kiti cha marehemu. Hakuna aliyemwambia ainuke.

Nikamnong'oneza atoe ile filamu ya mwizi. Akaninong'oneza kwamba imechukuliwa asubuhi, watu walimzidi nguvu. Amekuja na diski moja tu iliyosalia. Ikawekwa. Ni mafunzo ya kufuga kuku.

Nilitaka sakafu inimeze. Kuku wakatokea, sauti ikaanza kueleza upana wa banda. Basi wa shemeji akavua miwani, akasema hilo banda aliliona ndotoni kabla ya kulipiga picha. Muuza filamu akamkatiza: banda ni lake, na yule jogoo mwekundu alimfundisha mwenyewe kutazama kamera. Wakabishana kuhusu jogoo. Ikaja sehemu ya chanjo, wa shemeji akasema hapo ndipo watazamaji hulia. Muuza filamu hakunyamaza hata dakika moja, chai mkononi, miguu mbele, akieleza kila kuku ana siri gani na nani amemsaliti nani. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Saa moja na robo. Hakusinzia hata kidogo.

Runinga ilipozimwa nikasimama kukumbusha kwamba muuza filamu nimemleta mimi. Shemeji akasimama kukumbusha kwamba Birika bila yeye angekuwa kaburini. Mama mkwe akatuambia tukae, mimi kwenye stuli yangu.

Akasema amejua tangu Jumanne. Birika lile amelinunua yeye, na mimi nilipolitaja nilikuwa nimelikodolea macho. Machozi ya jana yalikuwa ya kumlilia mumewe. Maneno ya tangazo ndiyo yaliyomgusa, Birika alikuwa kisingizio tu. Akasema marehemu alikuwa akiongea filamu nzima, hajui kunyamaza, akitunga mambo yasiyokuwepo, na miaka yote ile yeye alikuwa akimwambia anyamaze. Tangu aondoke kila filamu inamletea usingizi, hata iwe imeongozwa na nani. Leo tu ndiyo ameona filamu.

Kisha akamwambia muuza filamu kwamba kiti hicho ni chake, aje kila Jumamosi. Muuza filamu akashukuru, akauliza kama kuna chai nyingine.

Jumapili, tarehe 9

Sikulala vizuri. Nimepiga hesabu zangu na nimeligundua kosa. Kosa ni jina. Nilichukua kitu cha jikoni, tena nikakikodolea macho. Na mwongozaji anajulikana na kila mtu siku hizi, hana tena hadhi. Mtu msomi kabisa huchagua filamu kwa aliyeiandika.

Nimelitoa hilo mchana, tukiwa sote sebuleni. Mama mkwe akaacha kushona, akauliza mwandishi ninayemwamini ni nani. Safari hii nilijiandaa. Nikatazama dari, nikasema anaitwa Pazia.

Mama mkwe akageuka polepole, akatazama dirishani, akarudi kunitazama mimi. Mdomo ulikuwa unamcheza. Akauliza Pazia ameandika filamu ngapi. Nikasema hamsini na tatu. Mke wangu akatoka nje.

Shemeji, bila hata kuinua kichwa, akasema Pazia anamjua sana, walikaa dawati moja shuleni. Sijui watu wengine huupata wapi moyo wa kudanganya namna ile mbele ya mama yao.