Nimemjengea Mama Jiko, Kijiji Kikaja Kulia

Leo nimemzika mama yangu. Yuko hai. Yuko ndani anakunywa chai, na amesema nisiingie.

Mimi nimekaa nje juu ya kaburi lake, ambalo si kaburi, ni jiko. Nawaandikia sasa hivi kabla hamjasikia kwa watu, maana mkisikia kwa Mama Achieng' mtaambiwa marehemu alifufuka akashuka kwenye boda boda na mkoba mkononi. (Hiyo sehemu ya boda boda ni kweli.)

Acha nianze mwanzo.

Mnanijua. Sijawahi kukaa mahali mpaka sufuria yangu ishike masizi. Tangu nimalize Form Four nimepakia malori Isebania, nimekausha tumbaku Kehancha, nimelinda lango la tajiri mmoja Migori mjini. Na kila nilipolala, kitu cha nyumbani nilichokikumbuka hakikuwa ziwa wala ng'ombe wa baba. Kilikuwa ni moshi. Mama alikuwa akipika kwenye jiko la nje asubuhi, moshi unapita chini ya mlango, nawe unajua umeamka na uko kwenu. Kwingine kote unaamka tu.

Mwaka huu nikarudi Sindo. Jiko halikuwepo. Mvua ilikuwa imeangusha ukuta wa udongo, mchwa wakamalizia nguzo, na mama alikuwa anapikia mawe matatu katikati ya uwanja, mwiko mkono huu, mwamvuli mkono ule. Mgongo wake siku hizi akiinama hauinuki bila kulalamika.

Nikamwambia, "Mama, safari hii nimekuja kukaa."

Hakuinua hata macho. "Otieno, kama umekuja kukaa, nijengee jiko. Kama unapita, kunywa chai uende."

Basi nikaanza kuliwaza hilo jiko. Udongo ulishashindwa. Mbao ni chakula cha mchwa. Mabati yanapiga kelele mvua ikinyesha na yanachoma jua likiwaka. Lakini kule kwa tajiri wa Migori kulikuwa na jiko la nje la zege. Nimelitazama kutoka langoni muda mrefu kuliko nilivyotazama lango lenyewe. Mpishi analipiga kwa masufuria, mvua inalinyeshea, jua linalikausha, lenyewe limetulia tu. Nililionea wivu. Halikuwa na mahali pengine lilipotaka kwenda.

Mama mdogo wa kisiwani Takawiri akaugua, na mama akavuka ziwa kwenda kumuuguza dada yake. Nikasema, hii ndiyo nafasi. Akirudi atakuta jiko la zege, na hatanitajia chai tena.

Mchanga nikauteka mtoni, kokoto nikagonga mwenyewe. Mbao za kumwagia zege nilizipata juu ya dari ya ghala, zimefungwa kamba vizuri, hata misumari bado iko. Urefu mzuri. Upana mzuri. Kimo cha goti, kwa hiyo mama atakaa kwenye kigoda apike bila kuvunja mgongo. Nikamshukuru Mungu. (Mtu mwenye akili angejiuliza hizo mbao zilimwagia nini mara ya kwanza.)

Mahali nikachagua upande wa kushoto wa nyumba, kwa sababu ya upepo wa ziwa. Kulia kuna kaburi la baba, na mimi siwezi kukatia vitunguu kichwani mwa mzee. Najua, kwetu baba hulala kulia kwa nyumba na mama kushoto. Nalijua hilo tangu utoto. Lakini mtu akibeba kokoto kwenye jua hafikirii mila, anafikiria kivuli.

Nikamwaga. Nikalainisha kwa mwiko wa fundi mpaka likang'aa. Zege likiwa bado bichi nikachukua msumari nikaandika upande mmoja NYAR TAKAWIRI, yaani binti wa Takawiri, maana ndivyo kijiji kizima kinavyomwita mama tangu aolewe hapa. Chini yake nikaweka tarehe ya siku ile, kama mafundi wote wanavyofanya. Tarehe moja tu. Lakini kwa wazee wa hapa tarehe moja inatosha, kwa sababu ile ya kuzaliwa nani aliiandika?

Kwenye ncha moja nikasimamisha nguzo ya kwanza ya paa, nikaigongelea ubao wa kukatiza ili baadaye mama atundike masufuria. Nguzo moja, ubao mmoja. Nikarudi nyuma kuangalia. Nikaona jiko. Naapa, niliona jiko tu.

Zege changa halitaki kukauka haraka. Unalifunika, unalinyunyizia maji. Gunia langu halikutosha, nikachukua leso ya mama ya buluu, ile ya kina mama wa kanisa, nikaitandika juu. Nikazungushia matawi ya miiba ili kuku nao wasije wakaandika majina yao. Na kila asubuhi nilisimama pale, kichwa chini, nikinyunyiza maji polepole.

Mama Achieng' ni jirani yetu na kiongozi wa kina mama wa kanisa. Aliniona akichungulia juu ya ua zaidi ya mara moja. Alikuwa ananisalimia kwa sauti ndogo sana. Nikadhani ana mafua.

Sasa, leo.

Mama alituma salamu kwa mtu wa mashua kwamba anarudi leo. Simu yake haina chaji tangu afike kisiwani. Nikaenda sokoni kununua ngege wawili wa kuzindulia jiko, samaki wazima, macho bado yanang'aa. Narudi napiga mluzi. Nikifika kwenye kona ya mwisho nasikia nduru.

Nduru ya msiba haifanani na nyingine. Miguu huielewa kabla ya masikio. Na ilikuwa inatoka kwetu.

Nikawaza mashua. Ziwa lilikuwa limechafuka tangu asubuhi, na mama hajui kuogelea ingawa alizaliwa kisiwani. Niliangusha samaki pale pale. (Kuna mbwa mmoja leo ameamini kuna Mungu.) Nikakimbia. Uwanja ulikuwa umejaa leso za buluu. Baba mdogo Ogola, ndugu wa marehemu baba, alikuwa kwenye kiti, kofia magotini. Nikaanguka katikati yao nikiita, "Mama! Mama yangu!"

Mama Achieng' akanidaka. "Lia, nyathina. Lia, mwanangu. Umelibeba peke yako siku nyingi."

Nililia. Hapo sina mzaha. Nililia kwa sababu miaka yote nimekuwa nikifika hapa nimechelewa, na mara hii moja nilifika mapema, nikajenga, na bado nikawa nimechelewa. Jiko liko tayari, na wa kulipikia yuko chini ya maji.

Nilipopata pumzi nikauliza, "Wamempata? Au bado wanamtafuta?"

"Wamtafute nani?" akauliza baba mdogo.

"Mama. Ziwani."

Wakaangaliana. Baba mdogo akainuka polepole, akavaa kofia ili anikasirikie vizuri. "Otieno. Huyu ni shemeji yangu. Ameingia boma hili akiwa msichana, mimi nikimbebea sanduku. Unamzikaje kimya kimya kama kuku wa kideri? Hakuna ng'ombe, hakuna wimbo, hata mimi sikupigiwa simu!"

"Nimemzika nani?"

Akanyoosha fimbo.

Nikageuka. Na kwa mara ya kwanza nikaliona jiko langu nikiwa nimesimama pale wanaposimama watu wengine. Kushoto kwa nyumba. Leso ya kanisa juu. Jina. Tarehe. Na kichwani, Bwana Yesu nisaidie, msalaba.

Nikacheka. Sikuweza kujizuia. Mama yuko hai! Nilicheka mpaka nikashika magoti.

"Huzuni imempanda kichwani," mama mmoja akasema. "Mshikeni."

"Jamani, hilo ni jiko!"

"Jiko lina jina?" Mama Achieng' akauliza.

"Nimeandika kwa sababu ni la mama!"

"Tunajua ni la mama!" Nduru ikapanda upya.

"Yuko Takawiri kwa dada yake!"

"Tumempigia tangu juzi, hapatikani."

"Simu imekufa!"

"Woi, hata simu!" akalia wa nyuma, ambaye nadhani hakuwa anafuatilia vizuri.

Hapo ningekaa kimya tu. Ningekaa kwenye kigoda nisubiri, mama angeingia, mambo yangeisha. Lakini mimi na kukaa, mnatujua. Nikaondoa leso na gunia. Nikapanga mawe matatu juu ya zege, nikaweka kuni, nikatoa kiberiti. "Chai itachemka hapa mbele ya macho yenu! Halafu mtaniambia kama kaburi linapika chai!"

Mimi nilikuwa naona ushahidi. Wao walikuwa wanaona mtoto wa kiume akiwasha moto kifuani mwa mama yake.

"Anamchoma!"

Baba mdogo akaanza kusali, mtu ambaye kanisani anaingia kwa mazishi tu. Nikaweka sufuria ya maji. Moto ukashika. Moshi ukainuka, na upepo, ule ule niliousifu, ukageuka ukaupeleka moja kwa moja chini ya mlango wa nyumba. Nikasimama. Harufu ile ile. Kwa dakika hiyo, katikati ya nduru, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Homa Bay.

Sasa kuna jambo ambalo nikiwa langoni Migori sikuliona. Zege changa bado limebeba maji tumboni. Maji yakipata moto yanatafuta njia ya kutoka. Na yasipoipata, yanaitengeneza.

PAA!

Kipande kikaruka kama kimepigwa teke kutoka chini. Sufuria ikapinduka. Kabla hatujaelewa, PAA! ya pili, na ufa ukakimbia kutoka mawe matatu hadi kwenye msalaba.

Wale walioamini nimemzika mama, hapo hapo wakaamini kwamba hajapenda.

Sijawahi kuona kina mama wa kanisa wakikimbia vile. Viatu vilibaki. Baba mdogo aliacha fimbo, na kumbe miaka yote hakuihitaji. Wote wakaelekea mlango mmoja wa boma, na mlangoni hapo ilikuwa imesimama boda boda. Kutoka juu yake, mkoba mkononi, mfuko wa dagaa wa omena kwapani, alikuwa anashuka marehemu.

Mama Achieng' alikuwa mbele na hakuwa na breki. Alisimama pua kwa pua na mama.

"Nyar Takawiri," akanong'ona, "rudi salama. Sisi hatukukukosea."

"Nirudi wapi, na nimevuka ziwa lote hilo nikitapika?" mama akasema. "Toka mlangoni."

Mwenye boda boda aliwasikia wanavyolia, akamtazama abiria wake, akageuza pikipiki na kuondoka bila kuuliza nauli.

Mama akaingia. Watu wakampisha kama wanavyopisha jeneza. Akapita katikati yao mpaka kwenye zege linalofuka moshi. Akasoma jina. Akasoma tarehe. Akautazama msalaba. Mbao nilikuwa nimeziegemeza ukutani, akagusa moja kwa kidole.

"Hizi ni zile za babako."

"Ndiyo, mama." Na hapo ndipo nilipokumbuka. Tulipomwagia baba zege, aliyezishika zisiyumbe nilikuwa mimi.

Mama akaangalia lile zege kutoka kichwani hadi miguuni, taratibu, kama mtu anayeonyeshwa kitanda dukani.

"Umenipimia urefu wa babako," akasema. "Mimi ni mfupi."

Kisha akawageukia kina mama waliokuwa wanarudi kuchukua viatu. "Mmebeba nini kwenye hivyo vikapu?"

"Unga, Nyar Takawiri," Mama Achieng' akasema. "Na sukari. Ilikuwa ya matanga. Sasa tutarudi nayo..."

"Ipelekeni ndani. Mlikuja kunililia, mmelia. Sukari haitoki."

Wakaingia. Mlangoni akageuka. "Wewe usiingie."

Kwa hiyo wako ndani, wanachemsha chai kwenye jiko la makaa na kuitia sukari ya msiba wake. Dada yake amepona, nimesikia kupitia dirishani. Mama Achieng' anacheka kwa nguvu kuliko alivyolia, na alilia vizuri. Ufa umepita katikati ya NYAR na TAKAWIRI. Begi langu liko nyuma ya mlango wa chumba changu, halijawahi kutolewa nguo zote. Nimekaa hapa nawaza kwamba alfajiri kuna gari la Migori. Ukweli ni kwamba nilishaanza kuwaza nitakaa dirisha la upande gani.

Ngojeni, mama anatoka.

Amerudi ndani. Alikuja na kikombe, akasimama mbele yangu. Nikanyoosha mkono, kisha nikaurudisha, kwa sababu nilikumbuka anayepewa chai hapa ni nani. Akakunywa yeye mwenyewe, akautazama ufa.

"Chai ni ya wapita njia," akasema. "Wewe una zege la kuvunja."

Kwa hiyo msicheke. Mwenye nyundo kubwa aniazime. Hili la pili nitampima mama akiwa amesimama.