Mlango wa Upande wa Mama

Jumatatu, 3 Juni

Ijumaa Mama anastaafu uuguzi. Baba ameapa kwenda kumchukua kwenye geti la hospitali kwa gari lake kuukuu la milango miwili, lile lile alilomchukua nalo siku ya kwanza walipotoka pamoja. Limelala bandani tangu sijaota meno. Yeye anataka kukaa nyuma na Mama kama waheshimiwa, kwa hiyo anahitajika dereva. Ni mimi au shemeji, mume wa dada, ambaye hata akilala chini ya gari anatoka na shati jeupe. Ananikera!

Amri ya Baba: yeye injini, mimi ubavu wa kushoto, shemeji wa kulia. Atakayewahi kumaliza ndiye dereva. Na kila boliti ikifunguliwa iwekwe kwenye kopo lake, na karatasi ya kuonyesha imetoka wapi.

Jumanne, 4 Juni

Kopo kwa kopo! Tutamaliza mwakani. Nimemwaga makopo yangu yote kwenye beseni la kufulia, nikatia mafuta ya taa, nikakoroga kwa mwiko. Zinang'aa hizo! Shemeji bado anasugua moja moja kwa mswaki, maskini. Kaniuliza nitajuaje ipi ya wapi. Nikamwambia boliti ni boliti.

Baba kauliza kazi inaendaje. Nikamjibu inateleza. Kafurahi, kaenda kupiga pasi shati la Ijumaa. Leo Jumanne!

Jumatano, 5 Juni

Hakuna hata moja inayojua kwao. Ndefu zimegoma kuingia, fupi zinaingia lakini hazishiki. Nimejaribu ustaarabu. Nimejaribu nyundo. Shemeji alipoingia ndani kula, nikaazima chache kwenye makopo yake. Kuazima tu! Aliporudi akayachungulia, akanitazama, akaenda dukani kununua nyingine. Mtu asiyegombana ni wa kuogopwa.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi! Nimewahi. Baba kanikabidhi ufunguo mbele ya shemeji. Zimebaki boliti za kujaza kiganja. Bila shaka mafundi wa zamani walikuwa wakarimu, waliweka za akiba. Nimezitia mfukoni.

Jioni nilimkuta Baba kiti cha nyuma, peke yake, gari limezimwa, anajaribu mkono auweke wapi. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 7 Juni

Gari liliwaka mara moja. Shemeji akatufuata na lake. Getini, Mama na maua yake, wauguzi wenzake wamejipanga. Nikashuka kwa madaha, nikazunguka, nikamfungulia mlango. Ukaja wote.

Nimeukumbatia mbele ya hospitali nzima. Kisha boliti zikaanza kulia mfukoni, maana mlango ulikuwa mzito, nikayumba nao. Baba akasogea, akatia mkono mfukoni mwangu, akazitoa, akazitazama. Hakunitukana. Midomo ilikuwa inamcheza. Heri angenitukana.

Mama akauliza kamba iko wapi. Akawaambia wenzake kwamba hata siku ile ya kwanza mlango huu huu ulikuwa haufungi, akaushikilia kwa kamba njia nzima, na mwenye gari anajidai hajaona. Baba akacheka mpaka akaegemea boneti. Shemeji alikuwa na kamba. Angekosaje!

Baba akaninyang'anya ufunguo, akaendesha mwenyewe, Mama kando yake kashika kamba. Mimi nikarudi na shemeji. Alinitandikia gazeti nisimchafulie kiti.

Jumamosi, 8 Juni

Baba anasema tunaanza upya, kopo kwa kopo. Nimeomba radhi. Nimetafakari sana pia, na kosa nimeliona: beseni lilikuwa dogo.

Sasa Mama yuko nyumbani, anastahili zawadi itakayomziba mdomo shemeji. Cherehani yake inakwaruza. Wazee wametoka matembezi na kamba yao, nami nimeshaifungua yote. Ina vidude vidogo vidogo, tele ajabu! Nimeazima beseni kubwa kwa jirani. Makopo nimeyaacha bandani, yanachelewesha kazi.