Tabibu na Kopo la Fundi Cherehani

Tabibu, ambaye maishani hakuwahi kutibu hata paka, aliiona riziki yake ikitoka mlangoni mwa zahanati: mama mmoja fundi cherehani, mkononi kopo la vidonge vya jongo, ule ugonjwa wa viungo, anatembea bila kuchechemea. Mate yalimjaa Tabibu mdomoni. Naye ana jongo, vidonge vyake vimeisha, na kupanga foleni ili utolewe damu ya kupimwa ni kazi ya wasio na akili.

"Shikamoo, mama. Bado unameza vidonge hivyo?"

"Marahaba. Kila siku, baba. Daktari kasema."

"Na mguu unauma?"

"Hata kidogo."

"Sasa mzima anameza dawa ya nini? Hiyo sumu, mama! Chukua maji yangu ya mizizi, kijiko kimoja tu, jongo kwaheri. Pesa yako sitaki. Nipe hilo kopo nikalitupe mbali, watoto wasije wakaliokota."

Huruma iliyoje! Fundi alimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, na hapo viatuni akakawia.

"Hili dogo, baba. Nyumbani nina kubwa, limejaa. Ningoje."

Tabibu nusura acheze. Fundi alirudi nalo, wakabadilishana, kopo kwa chupa ya mizizi. Tangu hapo Tabibu akawa anameza kila asubuhi, kwa nidhamu ambayo mamake mzazi hakuwahi kuiona. Vidonge vilikuwa na utamutamu. Dawa za siku hizi zimeendelea, alijisemea.

Siku moja yuko sokoni ananadi maji yake, wateja wawili wa zamani wakamtokea, nyuso zimewavimba kwa hasira. Akaruka akimbie. Kidole gumba cha mguu kikawaka moto! Mguu uliomwokoa katika masoko yote ukagoma, akaanguka akilia hadharani. Wateja wenyewe ndio waliombeba hadi zahanati, wakimzomea njia nzima.

Kwenye benchi alikuwa ameketi fundi, akingoja kupimwa damu.

"Mama, ulinipa nini?"

"Pipi za wajukuu. Kiatu kilichochanwa kwenye kidole gumba nakijua, baba. Niliwahi kuchana changu, nilipoacha dawa kwa kujiona nimepona. Nilitambaa kwenda chooni. Mguu hauumi kwa sababu nameza."

Tabibu alijikunja kwa maumivu. Fundi akamwonea huruma, kweli kabisa, akafungua mkoba. Tabibu akanyoosha mkono haraka.

Akapewa chupa yake ya mizizi, haijafunguliwa. Fundi alikuja nayo amwonyeshe daktari.

"Kijiko kimoja tu," akamwambia. "Halafu nenda mwisho wa foleni."