Ugonjwa Wenye Heshima

Siku mwalimu mstaafu alipopanda jukwaani kuwasomea wapiga kura magonjwa yake, Sega alikuwa nyuma ya umati, akionja karanga za kila muuzaji na kutonunua za yeyote.

"Nina kisukari," alisema mwalimu, miwani puani. "Goti la kushoto limechakaa. Akili mnaijua, niliwafundisha. Mnayemchagua mjue anaumwa nini. Na mwenzangu naye aje aseme."

Watu walipiga makofi kama waliotangaziwa barabara ya lami.

"Ni haki yetu!" fundi mwashi akapaza sauti. "Mimi kabla sijapewa nyumba ya kujenga naulizwa kama mgongo unabeba tofali!"

"Na wewe ukiharisha utatangaza?" muuza vitunguu akamuuliza.

"Mimi sigombei, mama!"

Mpinzani wa mwalimu alikuwa Mabati, tajiri mwenye duka la vifaa vya kuezekea. Huyo alikwisha kutamka kwamba mwili wake ni siri ya watu watatu: yeye, mkewe, na fundi wa suti zake. Wapiga kura walikuwa wameanza kununa. Sega akameza karanga ya mwisho. Alikuwa ameinusa riziki.

Walimwita Sega kwa kuwa mdomo wake ulidondosha asali, na aliyeusogelea sana alikutana na nyuki. Hata hivyo, kwa asali yote hiyo, alikuwa akilala juu ya meza ya kukatia vitambaa, chumbani kwa dada yake mshonaji. "Tapeli mkubwa wa mji," alijiambia kila asubuhi, akichomoa pini mgongoni.

Dada alishampa taarifa. "Mwisho wa mwezi naitaka meza yangu. Nimepata kazi ya sare za shule. Tafuta kazi ya jasho, mdogo wangu, ulale kwako."

Sega alikuwa ameichagua kazi ya jasho, ila ya kuifanya akiwa amekaa: kubeba abiria kwa pikipiki. Kilichokosekana ni pikipiki tu. Na Mabati alikuwa amenunua kadhaa, nyekundu, za kampeni.

"Dada, nishonee koti jeupe. Nimepata kibarua."

"Bucha au hospitali?"

"Kote si ni nyama?"

Asubuhi iliyofuata, koti likiwa bado na joto la pasi, Sega alikaa mbele ya Mabati katika ofisi iliyo nyuma ya duka. Nje bati lilikuwa likikatwa kwa msumeno, ikabidi siri zote zisemwe kwa kupiga kelele.

"Mheshimiwa! Afya njema haina soko! Mwalimu ameumwa mbele za watu! Wewe ukija mzima, watasema hujateseka!"

"Kwa hiyo niumwe?"

"Uumwe kumzidi!"

Mabati akafikiri. "Malaria?"

"Malaria ni ya kila mtu. Wewe unagombea au unapanga foleni?"

"Vidonda vya tumbo?"

"Watasema ni kwa kula vyao."

"Basi unanishauri nini?"

"Chochote, mheshimiwa, ila si BAWASIRI!" Msumeno ulinyamaza katikati ya neno. Wateja wote wakageuka kutazama mlango wa ofisi, kisha, kwa adabu, wakarudi kutazama misumari.

Mabati alijifuta jasho. "Nipe kisukari, presha, na magoti yote mawili."

"Hiyo sasa ni tamaa." Sega akainama, sauti ikashuka kama ya mtu aliyetoka kuzika. "Moyo. Wako ni mkubwa. Umetanuka kwa kubeba shida za watu."

Tajiri akaitikia kwa kichwa. "Kweli kuna wakati huwa nausikia."

"Lini?"

"Nikimwona maskini."

"Ndiyo dalili ya kwanza hiyo."

Sega akataja bei yake: pikipiki moja. Mabati akamrushia ufunguo bila kuomba apunguziwe hata kioo cha pembeni. Mfanyabiashara asiyeomba punguzo ni wa kukimbiwa, na Sega alilijua hilo tangu utotoni. Lakini mjanja akishaona tairi jipya hubaki na akili ya kuku. Akaandika cheti papo hapo, akaharibu mwandiko makusudi. Alipojaribu kukisoma akashindwa, akajua kimekamilika.

Jumapili uwanja ulifurika. Sega alisimama jukwaani na koti lake, pikipiki ikimeremeta chini ya ngazi.

"Ndugu zangu," Mabati alianza, "nilisema mwili wangu ni siri. Nilikosea. Kiongozi hana mwili wake, ana mwili wenu!" Akashika kifua, upande wa kulia.

"Kushoto," Sega akanong'ona.

Mkono ukahamia kushoto. "Mmeona?" Mabati akawauliza watu. "Unahama! Ndivyo ulivyo mkubwa!"

Wanawake wakaanza kulia. Fundi mwashi akavua kofia.

"Na daktari wangu anasema tiba iko ng'ambo."

Sega hakuwa amesema. Kabla hajafunga mdomo, mabeseni yalikuwa yakipita katikati ya watu, na ndani yake vikaanguka noti, simu, saa na bangili. Akanyakua kipaza sauti.

"Jamani, si lazima ng'ambo! Vidonge vipo hapahapa, na mapumziko kidogo..."

"Mnamsikia?" Mabati akasema kwa kwikwi. "Ananifariji. Daktari mwenye huruma hakuambii kwamba unakufa."

Kilio kikapanda. Mshereheshaji akamgeukia Sega. "Dokta! Wewe unayeujua ugonjwa huu kuliko sisi sote, unatoa nini?"

Uwanja mzima ukamtazama. Sega akapima: akisema kweli, watamvunja mifupa, na hapo atahitaji daktari ambaye si yeye. Mabati akamkumbatia, mdomo ukiwa sikioni.

"Kijana, mimi hununua kwa jumla nikauza rejareja. Uliponiuzia ugonjwa, ulidhani nitaukalia? Toa ufunguo."

Sega akatoa ufunguo. Machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli kuliko yote yaliyomwagika pale, na yalichangisha beseni jingine zima.

Kesho yake Mabati akapanda ndege. Jina lake likafutwa katika uchaguzi kwa sababu za kiafya.

Sega alirudi kwa miguu. Dada alikuwa kwenye cherehani, sare zimemfika shingoni, kitambaa kichwani.

"Hiyo pikipiki uliyojisifia iko wapi?"

"Nimeitoa mchango."

"Wa nini?"

"Wa ugonjwa."

"Ugonjwa gani wa kula pikipiki?"

"Wa moyo. Nilioutunga mimi."

Akamweleza yote, koti, msumeno na mkono uliohama, maana mtu akishatapeliwa na mgonjwa wake mwenyewe hana tena heshima ya kuficha. Dada alicheka. Alicheka mpaka cherehani ikasimama, akalalia sare, akalia, "Kushoto! Eti kushoto! Mungu wangu, mbavu zangu!" Kitambaa kikamporomoka, akayashika masikio kwa mikono miwili.

Hapo akaacha kucheka.

Sega akamtazama. "Dada, hereni za mama ziko wapi? Si uliapa utazikwa nazo?"

"Jumamosi kikundi chetu kilipitisha bakuli," dada akasema polepole. "Watu wa Mabati walikuja na nakala ya cheti. Sikuweza kusoma hata neno moja. Nikasema, huyu ni daktari wa kweli."