Mbuzi Aliyegonga Hewa

Jumatatu, 4 Machi
Madam Boatemaa, mwenye ofisi yetu hapa Kumasi, leo kaujaribu mchezo wetu wa kompyuta. Mama muuza mayai anapita sokoni, beseni kichwani, akikwepa mbuzi. Mbuzi akapita pembeni ya kiuno chake, mbali kabisa. Mayai yakamwagika. Madam akaniuliza, "Ampofo, huyu mbuzi kagonga nini, hewa?"

Nilijua. Nimemzungushia mama kisanduku kisichoonekana, kipana kama beseni, na programu inahesabu kisanduku chote kuwa ni mwili. Nikajibu kwamba visanduku ni vya wanaoanza. Nitapima pikseli kwa pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha. Nikasema nimeshafanya hivyo mara nyingi. Sijawahi.

Jumanne, 5 Machi
Nimepima nukta. Mayai bado yanamwagika. Madam kasimama nyuma yangu. Nikajikuta nikisema kosa ni la picha: Dzifa, mchoraji wetu, kaacha uchafu pembeni usioonekana kwa macho. Dzifa akaomba radhi. Kesho ni sikukuu ya uhuru, lakini atakuja kuzichora zote upya. Nilitaka kumwambia asubiri. Nikanywa maji.

Jumatano, 6 Machi
Fufu kwa shangazi, muhogo na ndizi za kutwanga. Dzifa yuko ofisini, anachora.

Alhamisi, 7 Machi
Picha mpya, mayai yaleyale. Ndipo nikaona. Kumzunguka mama kuna nukta tupu, zisizo na rangi, na mimi nilikuwa nazihesabu hata hizo. Nimeongeza mstari mmoja wa programu, kazi imekwisha. Picha za zamani hazikuwa na kosa lolote.

Nikamwambia Madam kwamba picha mpya zimetuokoa. Dzifa akaninunulia kelewele, ndizi za kukaanga zenye tangawizi na pilipili ya kutosha. Nimezila zote nikiangalia meza.

Ijumaa, 8 Machi
Sasa mchezo unatambaa. Programu inampima kila mbuzi nukta zake zote, hata aliye upande wa pili wa soko. Dzifa akasema kwa upole, "Kaka, si uanze na visanduku? Vikigusana ndipo upime nukta."

Ni kweli tupu. Lakini Madam alikuwa anasikia. Nikamwambia Dzifa achore tu, programu aniachie mwenyewe. Nimeamua kupima mara mojamoja tu, si kila mbuzi anaposogea, kompyuta ipumue. Nani ataona.

Jumamosi, 9 Machi
Wameona. Leo tumeuonyesha mchezo hadharani, ukumbi ukajaa wauza mayai, wageni wa Madam. Mbuzi akaingia tumboni mwa mama, akatokea mgongoni, yai halikutikisika. Bibi mmoja akauliza kama yule ni muuza mayai au ni mzimu. Ukumbi mzima ukacheka. Madam akainamisha kichwa.

Dzifa akasimama, akasema huenda ni picha zake tena. Mbele ya watu wote. Kipaza sauti nilikuwa nacho mimi. Nikakizima.

Jumapili, 10 Machi
Nimekwenda kwao Dzifa baada ya ibada. Mama yake akanipa kiti kizuri, akanishukuru kwa kumfundisha kazi binti yake. Natamani ningekaa sakafuni.

Nikamweleza Dzifa kuhusu ule mstari mmoja. Akasema anajua tangu Alhamisi. Aliisoma programu nilipotoka. "Zile kelewele nilikununulia makusudi. Nikasema labda ukishiba utasema."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Kisha akafungua kompyuta yake, visanduku kwanza, nukta baadaye, na mchezo ukakimbia. Nimemwahidi kwamba kesho nitasema ukweli wote mbele ya Madam.

Jumatatu, 11 Machi
Madam alikuwa ameshaucheza mchezo uliorekebishwa nilipofika. Mbuzi pembeni ya kiuno, salama. Mbuzi kamgonga mama, mayai chini. Akapiga makofi, akaniuliza nimefanyaje. Dzifa alikuwa ananiangalia. Nikafungua kinywa nitaje jina lake.

Nikasema haikuwa rahisi.

Dzifa akageuza kiti chake, akaelekea dirishani. Madam anataka Jumamosi nikawafundishe wanafunzi namna ya kupima migongano. Nimekubali. Somo ataliandaa Dzifa. Bado sijamwambia.