Fimbo ya Mwanaume Niliyoipeleka Ukweni

Leo nimeadhirika ukweni. Naandika mwenyewe mapema kwa sababu Kalenga alikuwepo, na Kalenga akisimulia kitu lazima aongeze chumvi. Hiki hakihitaji chumvi.

Mnajua nimeposa kijijini Nyangwe. Leo wazazi wa mchumba wangu Mwamini walikuwa wanipe tarehe ya ndoa. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nilikuwa nimewatumia ujumbe kwamba nitawavulia samaki kwa mtindo wa kizungu. (Wale ni wavuvi tangu babu wa babu yao. Hakuna aliyeniomba.) Chambo nilikuwa nacho: ndugu yangu wa Goma alinitumia kiboksi cha visamaki vya bandia vyenye ndoana, kimoja uzito wake kama karanga mbili. Kilichokosekana ni fimbo.

Asubuhi nikaingia soko la Kasongo kwa mzee wetu Papa Musafiri, anayeuza vitu vilivyotumika vya Ulaya. Alikuwa na fimbo mbili za kuvulia. Akavitazama visamaki vyangu, akanipa ile nyembamba, inayotikisika hata ukiipumulia.

"Kamata hii. Kitu nyepesi inaomba fimbo nyepesi. Inajikunja, halafu inatupa mbali."

"Papa, hii iko ya kuchungia mbuzi. Nipe ile ya mwanaume."

"Ile iko ya samaki ya bahari. Haitajua hata kama umeifunga kitu."

Nikamwambia asinifundishe. Sisi kitu kizuri tunakipima kwa mkono: kikiwa kizito, ni kizima. Ndivyo tunavyonunua jembe, sufuria, hata redio. Nikachukua ile nene kama mpini wa jembe, na uzi wake wa kufungia ng'ombe.

Kalenga, ambaye ni mshenga wangu na pia mwenye pikipiki, akanibeba hadi Nyangwe. Fimbo ilisimama wima mgongoni mwangu. Kila kijiji walituuliza tunaenda kusimika antena wapi.

Mtoni nilimkuta baba mkwe, Papa Ramazani, ameketi na wazee wenzake juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Mwamini alisimama kando na dada zake. Nikasalimia, nikafunga kisamaki, nikajipanga kama mtu anayepigwa picha.

Nikarusha. Kisamaki kikaangukia kiatu changu.

Nikarusha tena kwa nguvu zaidi. Kikaanguka hatua mbili mbele, mchangani. Kuku akaja kukitazama, akaondoka.

"Mukwe," akasema Papa Ramazani, polepole, "samaki ya hapa haitokake inje kutafuta chakula."

Wazee wakakohoa. (Hawakuwa na kikohozi.) Nikapandwa na hasira, nikaachia uzi mrefu, nikaizungusha fimbo nyuma kama mjeledi.

Sasa, kwao kama kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawatazamani, hawapishani njiani. Mama mkwe alikuwa anatoka kuloweka mihogo, beseni la maji kichwani. Aliponiona akatimiza adabu yake: akafunika uso, akazunguka mbali, nyuma ya mgongo wangu.

Fimbo ikagoma kuja mbele. Nikavuta.

"Mukwe, acha kuvuta."

"Papa, imeshika majani."

"Ile haiko majani. Ile iko mama yako."

Ndoana ilikuwa kwenye kitenge chake, nyuma, pale ambapo hata mwanawe asingethubutu kupagusa. Mimi siruhusiwi kugeuka. Yeye haruhusiwi kunisogelea. Akitaka kwenda, uzi unamrudisha. Tukasimama hivyo, tumefungwa pamoja, kila mmoja akitazama upande wake kwa heshima kubwa. Nikavuta uzi kwa mikono ili ukatike. Haukukatika. Na ile fimbo yangu ya mwanaume haikujikunja hata kidogo.

Mwamini alikuwa amekaa chini, amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanatetemeka. Nilitamani mto Lualaba unibebe hadi mjini Kindu.

Papa Ramazani ndiye aliyekwenda, akakata uzi kwa meno yake yaliyobaki. Mama mkwe akaondoka na kisamaki changu kinaning'inia nyuma, beseni halijamwagika hata tone.

Baadaye, nyumbani kwao, Kalenga akaitwa ndani. Nilibaki nje nikiizunguka pikipiki, kwa sababu Mwamini nampenda, jamani, nampenda sana. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa matanga.

"Mama anasema ndoa iko."

"Na tarehe?"

"Tarehe hapana. Umemugusa mama mukwe, hata kama iko na ndoana. Kwanza ulipe faini, mbuzi ya haya. Na anasema usimupakie ku pikipiki. Umulete kwa miguu, toka Kasongo mupaka hapa, watu wote waone."

Kesho asubuhi narudi kwa Papa Musafiri kuchukua ile fimbo nyembamba. Nina mbuzi wa kuchunga.