Abiria Wangu Wameshuka kwa Dakika Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema! Mkuu wa stesheni ametuita wahudumu wote wa treni asubuhi. Yule wa dawati la maulizo anastaafu. Nafasi yake atapewa mhudumu ambaye abiria wake watashuka haraka kuliko wote wiki hii, treni ikifika mwisho wa safari jioni. Mkuu mwenyewe atasimama jukwaani, saa mkononi.

Nafasi hiyo ni yangu. Lazima. Mke wangu mimba yake imetimiza miezi tisa, mtoto anakuja siku yoyote, na mimi kutwa nzima nimo ndani ya treni, nusu ya njia simu haishiki. Mtoto wangu wa kwanza azaliwe huku mimi nakagua tiketi? Thubutu!

Jioni: behewa langu, namba tatu, dakika kumi na moja. Watu waliagana utadhani wanakwenda vitani. Behewa namba nne, dakika sita. Mhudumu wake tunamwita Pasi, maana hata soksi anazipiga pasi. Alinipa pole. Sikumwomba.

Jumanne, 5 Machi

Adui nimemjua: mizigo. Treni inasimama ndiyo mtu anakumbuka kutafuta begi lake! Basi nusu saa kabla ya kufika nikaibeba yote mwenyewe na kuipanga mlangoni. Jasho likanitoka. Abiria wakaniombea dua.

Treni ikasimama. Mlango wa behewa letu unafungukia ndani.

Mizigo arobaini na mitatu ikarudishwa nyuma, mmoja mmoja. Dakika ishirini na mbili. Mkuu wa stesheni aliuliza kama humo ndani kuna mgonjwa. Nyumbani mke wangu, na tumbo lake lile, ndiye aliyenikanda mgongo. Niliona aibu sana.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimetumia akili. Nimepita kiti hadi kiti nikinong'ona kwamba mikokoteni ya mizigo pale jukwaani imebaki minane tu. Uongo mdogo, hauna madhara. Mikokoteni hukaa upande wa Pasi, kwa hiyo abiria wangu wote wakavamia behewa namba nne na kutokea mlango wa Pasi.

Behewa langu, dakika nne! La Pasi, kumi na tisa! Shati lake limekunjamana kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alikwenda kunishtaki. Mkuu akamjibu kwamba kanuni haisemi watu washukie mlango gani. Nilicheka njia nzima hadi nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Pasi hana utu. Nimerudia uongo wa mikokoteni, kumbe kaufunga kwa ufunguo mlango wa kati ya mabehewa yetu. Abiria wangu wakakimbilia kule, wakakwama, wakageuka, wakagongana na wenzao waliokuwa bado wanakuja. Dakika kumi na tano. Mwalimu mmoja mstaafu aliniambia watoto wake wa chekechea walikuwa wanatoka darasani kwa utaratibu zaidi.

Kaniuma, lakini kanipa wazo. Mstari! Kesho nitawasimamisha mapema, mizigo mkononi. Mlango ukifunguka, ni kushuka tu.

Tena kesho ndiyo siku ya mwisho, na mama mkwe anakuja na treni yangu kumsaidia binti yake. Nimemwekea kiti cha kwanza, jirani na mlango. Atashuka mbele ya watu wote, aone binti yake aliolewa na mtu wa maana. Tangu harusi hajanisifu yule mama, hata kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Nianzie wapi?

Mstari ulinyooka, jamani! Mapazia niliyashusha yote, jua lisiwasumbue wala wasipoteze muda kuchungulia nje. Mama mkwe mbele na vikapu vyake vitatu. Macho yangu kwenye saa. Treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Nikafungua mlango.

"Tumefika," nikasema. "Shukeni, mmoja mmoja."

Watu sitini na wanne, dakika mbili na sekunde kumi! Nikafunga mlango, nikaubusu. Treni ikaondoka.

Ikaondoka?

Nikafunua pazia. Mungu wangu. Haikuwa mwisho wa safari. Kilikuwa kituo kidogo kinachotangulia stesheni kuu, mahali ambapo treni yetu husimama kungoja taa tu. Mimi mwenyewe naishi nyuma ya kituo kile, mwaka wa sita huu.

Stesheni kuu, mkuu akafungua mlango, saa mkononi. Akanikuta peke yangu. Akainama kutazama chini ya viti. Nikamweleza. Pasi alicheka hadi akashika nguzo. Mkuu hakucheka. Nafasi akampa Pasi palepale, na mimi akaniambia hataki kuniona hapa wiki tatu. Abiria wangu walikuwa wameshaanza kumpigia simu.

Na yangu ikalia. Mama mkwe. Nikafumba macho, nikapokea.

"Mwanangu, Mungu akubariki," akasema. "Treni nzima umeisimamisha ili unishushe mlangoni kwa binti yangu!"

Akaendelea. Alitembea dakika tano tu, akamkuta mke wangu yuko peke yake, kashikilia ukuta, uchungu umemshika, simu yangu haipatikani. Akatafuta gari, wakawa njiani kwenda hospitali. Angeshuka stesheni kuu, saa ile angekuwa bado anapanga foleni ya basi.

"Ni wajibu wangu, mama," nikasema.

Nikatimua mbio. Nimefika dakika kumi kabla ya mtoto. Msichana! Nimempakata, nikalia mbele ya manesi bila haya. Sijawahi kufurahi hivi.

Jumapili, 10 Machi

Tuko nyumbani, wote wanne. Furaha tupu.

Mke wangu nilimwambia ukweli. Alicheka hadi akaniomba nisimwongezee. Kisha akasema nilitaka kuwa karibu mtoto akija, nimekuwa, na wiki tatu za kukaa naye nimepewa juu, kwa hiyo sasa nitulie. Kweli kabisa. Nimemwapia: kushindana na watu basi, mipango basi. Mama mkwe anawasimulia majirani. Kufikia leo mchana, katika hadithi yake, nilikuwa nimemtishia dereva ili asimamishe treni.

Alasiri mtoto kalia. Nikambembeleza dakika hamsini, wapi! Bibi yake akamchukua, dakika nne, kalala. Nne! Akatembea naye sebuleni taratibu, ili nimwone vizuri.

Nimelifikiria sana jambo hili. Siri yake nimeijua: anampokea mtoto ambaye ameshachoka kulia mikononi mwangu. Kesho mtoto akianza tu, mimi nina shughuli nje. Namwachia bibi zile dakika hamsini za kwanza. Halafu naingia.